Bomba Lililo Chini ya Kitanda

Mwaka juzi, mwezi wa Aprili, tulitoka Moshi kwenda Tanga na HiAce yangu kuukuu. Ni gari nililolistaafisha kazi ya daladala, nikang'oa viti, nikaweka kitanda, kabati la vyombo na jiko la gesi la plati mbili. Tulipofika Same, raba mojawapo iliyobeba bomba la ekzosi ilikatika, bomba likawa linagonga sakafu kila tulipovuka tuta. Kijana mmoja wa kando ya barabara akaingia chini na waya wa kufungia nondo, akauzungusha kwenye chasisi, akaukaza kwa koleo mpaka bomba likanyamaza kabisa. Nikampa elfu tano, nikamshukuru, tukaondoka.

Hata Mombo hatujafika, nikasikia mlio mwingine, safari hii mbele, chini ya kiti changu: tsi-tsi-tsi, kama cherehani ya mbali. Mvua ikaanza, tukafunga vioo. Karibu na Korogwe mama watoto akasema kichwa kinamgonga. Binti yetu wa mwisho, aliyekuwa amelala kitandani nyuma, akaamka na kutapika. Tukazilaumu sambusa za asubuhi. Niliposimama kujaza mafuta nikashindwa kuhesabu chenji; noti ya elfu kumi na ya elfu mbili zilinichanganya, na mimi miaka yangu ya biashara sijawahi kuchanganywa na noti.

Tulishuka wote tukakaa barazani, na vichwa vikaanza kupungua uzito. Vilikuja kuachia kabisa usiku, tukiwa Tanga. Kesho yake fundi mmoja wa kuchomelea, mzee mtulivu, alilala chini ya gari dakika mbili, akatoka na ule waya mkononi. "Huu ndio uliowapa ugonjwa," akasema. "Bomba lilitaka kucheza, mkalifunga. Likaenda kuvunjikia shingoni."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiingia chini ya magari ya watu wenye mapenzi kama yangu, na karibu kila mara nakuta kosa lilelile. Ekzosi ya gari la kulala inadai mambo mawili yanayoonekana kupingana: izibwe barabara kila maungio, na wakati huohuo iachwe huru kuyumba. Anayeziba bila kuning'iniza atarudi kuziba tena mwezi ujao. Anayening'iniza bila kuziba, huenda asirudi.

Moshi usioonekana

Katika gari la kawaida ekzosi iliyotoboka huleta kelele na aibu. Katika gari unalolala, inagusa pumzi. Moshi wa tundu la chini ya sakafu una njia nyingi za kuingia ndani, kwa sababu sisi wenyewe tulizitoboa: tundu la maji ya sinki, la nyaya za betri ya pili, la boliti za kitanda. Zaidi ya hapo, HiAce za miaka ya 1990 injini yake iko chini ya viti vya mbele. Kati yako na manifoldi kuna kifuniko cha bati na mpira wake tu, na mpira huo kwa umri wake mara nyingi umekwisha kukauka na kupasuka.

Hatari yenyewe ni gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Wasomaji wengi mnaifahamu kwa njia nyingine: ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Inashika damu mahali palepale panaposhikwa na oksijeni, na inang'ang'ania kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ndiyo maana kiasi kidogo, kikivutwa kwa saa kadhaa, kinatosha. Na ukishatoka kwenda kwenye hewa safi haiondoki papo hapo. Huchukua kama saa nne au tano kwa nusu yake tu kutoka mwilini, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini vichwa vyetu havikuachia mpaka usiku.

Injini ya dizeli hutoa kaboni monoksaidi kidogo kuliko ya petroli, lakini kidogo si sifuri, na masizi yake nayo si chakula cha mapafu. Usijifariji kwamba gari lako ni la dizeli.

Dalili zake huvaa sura za maradhi mengine: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, akili kuchanganyikiwa. Kuna alama moja ya kuitofautisha. Ikiwa watu wote garini wanaumwa kwa pamoja, na wakishuka wanapata nafuu, acha kulaumu sambusa. Zima injini, toka nje, nenda hospitali, na umwambie daktari waziwazi kwamba mlikuwa mnavuta moshi wa gari. Sisi hatukwenda. Tulibahatika, na bahati haifai kufanywa mazoea.

Kulitafuta tundu

Anza asubuhi, injini ikiwa ya baridi tangu jana, gari likiwa nje mahali penye upepo. Mwambie mtu awashe nawe usimame kando. Injini ikiwa baridi, vyuma vimesinyaa na nyufa ziko wazi, kwa hiyo mlio wa tsi-tsi husikika vizuri kuliko wakati wowote. Injini ikipata moto, chuma kinatanuka, ufa unajibana na mlio unapungua. Wengi hudanganyika hapo, wakasema limejitengeneza lenyewe.

Zima, subiri bomba lipoe, kisha tafuta masizi. Mahali penye uvujaji pana alama nyeusi, kama ulimi uliolambwa kuelekea upande mmoja. Angalia kwanza pale manifoldi inapokutana na kichwa cha injini, halafu flenji ya bomba la mbele, halafu kila mahali palipochomelewa, na mwisho matumbo ya sailensa, ambayo wengine huiita mafla. Gonga bomba polepole kwa mpini wa bisibisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Chuma kilicholiwa na kutu kinatoa sauti butu, na pengine bisibisi itazama.

Kipimo cha uhakika ni cha sabuni. Injini ikiwa imezimwa na bomba limepoa, ingiza mpira wa kompresa ya gereji kwenye mdomo wa nyuma, zungushia kitambaa kuziba nafasi, puliza hewa kidogo tu. Paka maji ya sabuni kwa brashi kila maungio. Povu litakuonyesha mpaka vitundu ambavyo jicho lisingeviona. Pale mwisho kabisa wa bomba, nje ya mwili wa gari, povu dogo linavumilika. Chini ya kitanda na chini ya viti, hata tone moja halivumiliki.

Kabla ya kuingia chini

Jeki ni chombo cha kuinulia, haikuumbwa kubeba mtu aliyelala chini yake. Egesha mahali pa saruji au ardhi ngumu iliyo tambarare, vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu yanayobaki chini, inua, kisha shusha gari juu ya stendi za chuma zilizokaa kwenye chasisi. Tofali halifai, kwani hupasuka bila kutoa taarifa. Ukimaliza, sukuma gari kwa mkono kabla ya kuingia. Likicheza, panga upya. Vaa miwani, maana kutu ya miaka 30 ikidondoka inalenga jicho.

Gari la kulala lina mambo yake ya ziada. Toa mtungi wa gesi ya kupikia nje, mbali na kazi. Toa godoro, pazia na nguo. Angalia kilicho juu ya sakafu mahali utakapochomelea. Wengi tumeweka sponji na mbao juu ya bati, na cheche au joto la bati huwasha sponji taratibu, moto ukaja kuonekana fundi akiwa ameshakusanya vyombo. Weka mtungi wa kuzimia moto na ndoo ya maji karibu, na baada ya kuchomelea usiondoke kwa muda wa saa nzima. Kaa hapo, piga soga, nusa.

Mfuniko wa tangi la mafuta ufungwe, na paipu za mafuta zilizo karibu zifunikwe au ziondolewe. Chomoa tamino za betri kabla ya kuwasha mashine ya umeme ya kuchomelea, na kibanio cha ethi kiwekwe kwenye bomba lenyewe karibu na kazi. Umeme ukitafuta njia yake ndefu kupitia oltaneta, utakugharimu zaidi ya ekzosi.

Jambo moja zaidi kuhusu magari ya umri huu: gasketi za zamani, na vitambaa vilivyofungiwa mabomba, vinaweza kuwa na asbesto. Usizikwangue zikiwa kavu wala usizipulize kwa hewa. Ziloweshe maji, zikwangue polepole, zifunge kwenye mfuko.

Nati zenye kiburi

Sehemu inayokatisha watu tamaa ni kufungua. Nati za manifoldi zimepata moto na kupoa maelfu ya mara, na zimeshikana na stadi zake, zile boliti zisizo na kichwa. Ukitumia nguvu, stadi itakatikia ndani ya kichwa cha injini, na kazi ya siku moja itakuwa ya wiki.

Usiku wa kuamkia kazi, safisha nyuzi kwa brashi ya waya, kisha nyunyizia WD-40 au dawa nyingine ya kulegeza kutu. Rudia asubuhi. Tumia spana ya boksi yenye pembe sita, maana ile ya pembe kumi na mbili hula kona za nati. Jaribu kukaza kidogo kwanza, kama robo ya unywele, ndipo ulegeze. Kutu hukatika kwa kutikiswa pande zote mbili. Ikigoma, futa dawa yote, pasha nati moto kwa gesi mpaka iwe nyekundu, iache ipoe kidogo, jaribu tena. Ikigoma bado, ipasue nati kwa patasi au grainda, stadi ibaki salama. Nati ni bei ya soda.

Uso wa manifoldi ukiwa wazi, weka rula ya chuma juu yake na utazame mwanga kwa chini. Ukiona mwanga katikati, imepinda, na gasketi mpya haitadumu. Ipeleke kwa fundi wa mashine aisawazishe uso. Wakati wa kurudisha, weka gasketi mpya kila mara, hata kama ya zamani inaonekana nzima. Tumia nati mpya, za shaba nyekundu ukizipata kwa sababu hazishikani na kutu, na paka nyuzi grisi ya kuhimili joto. Kaza kuanzia katikati kuelekea pembeni, kwa raundi tatu, kila raundi ukiongeza kidogo. Baada ya safari ya kwanza, gari likipoa, pitia nati zote tena.

Kuziba kwa muda na kuziba kwa kweli

Njiani, mbali na gereji, kopo la maziwa lililopasuliwa, gundi ya ekzosi na klampu mbili zitakufikisha. Safisha kutu, paka gundi, zungushia bati, bana. Acha gundi ikauke kabla ya kuondoka kama maelekezo yake yanavyosema. Ukiwa na kiraka hiki endesha vioo vikiwa wazi, na usikubali mtu yeyote alale garini injini ikifanya kazi. Ni bandeji, na ina haki ya kufika gereji ya kwanza tu.

Kuziba kwa kweli kunaanza kwa msumeno. Kata mpaka ufikie chuma chenye kung'aa pande zote mbili. Kuchomelea kiraka juu ya bati lililoliwa ni kushona viraka juu ya utandabui: mshono utakuwa mzima na kitambaa kitachanika pembeni yake.

Bomba jipya liwe na kipenyo kilekile cha la zamani. Kama huna kipimo, zungushia uzi, pima uzi, gawanya kwa 3.14. Uzi wa sentimita 16 ni bomba la kama sentimita 5. Unene wa milimita 1.5 unatosha. Bomba la chuma lililopakwa aluminiamu ni zuri, la chuma kisichoshika kutu ni zuri zaidi kama mfuko unaruhusu.

Usikubali bomba la maji la mabati, hata fundi akikuapia. Kwanza ni zito, na uzito huo utakata raba zako moja baada ya nyingine. Pili, rangi ile ya fedha ni zinki. Ikichomelewa hutoa mvuke mweupe unaompa mchomeleaji homa na kutetemeka jioni hiyo, akidhani malaria imerudi.

Bomba linaloingizwa ndani ya lingine liwe lile la upande wa injini, ili moshi utiririke kutoka bomba la ndani kwenda la nje bila kugonga ukingo. Yapandane kwa sentimita 4 au 5. Halafu fuata mpango huu, usioupenda fundi mwenye haraka: ning'iniza ekzosi nzima kwanza mahali pake, ishikizwe kwa nukta chache za moto, kagua nafasi pande zote, washa injini uone inavyotikisika. Ukiridhika, ishushe, ichomelewe mzunguko mzima mezani ambapo mkono unafika na mbao haziko juu. Mshono uliochomelewa kwa chini tu, kwa sababu juu hapafikiki, unavuja upande uleule unaotazama kitanda chako.

Iache icheze

Sasa turudi kwenye waya wa Same.

Injini haijakaa imara kwenye chasisi. Imekalia mauntini za raba, na kila unapokanyaga mafuta au kubadili gia inajiinamisha. Bomba limefungwa kwenye injini, kwa hiyo linajiinamisha pamoja nayo. Halafu kuna joto. Chuma kikipata moto kinarefuka. Bomba la mita 3 likipanda joto kwa nyuzi 300 za Selsiasi linaongezeka karibu milimita 11, upana wa kidole. Urefu huo lazima uende mahali. Kama nyuma pamekazwa kwa waya, unarudi mbele na kusukuma shingo ya manifoldi, kila siku, kila mlima, mpaka ufa utokee. Na shingo iko chini ya kiti cha dereva.

Ndiyo maana watengenezaji wa magari huning'iniza ekzosi kwa raba. Hesabu vishikio vyote vya awali vya gari lako. Mara nyingi utakuta vinne, na raba zilizobaki ni mbili tu. Rudisha zote. Raba mpya za dukani si ghali, na kwa haraka mikanda ya tairi kuukuu iliyokatwa vizuri inabeba mzigo, ila uibadilishe ukifika mjini. Kama raba zinakatika mara kwa mara, usiilaumu raba. Kagua mauntini za injini, kwani injini iliyozama upande mmoja inavuta bomba zima. Kwenye bomba la mbele, kipande cha fleksi, kile kilichosukwa kwa nyuzi za chuma, husaidia sana kumeza mtikisiko.

Waya nao una kazi yake. Karibu na sailensa, pitisha waya wa chuma kama kitanzi kilicholegea, kiasi cha vidole viwili chini ya bomba, bila kuligusa. Siku raba ikikatika porini, bomba litaangukia kwenye kitanzi badala ya barabarani. Waya ukibaki mlegevu ni mlinzi. Ukikazwa ndio ule uliotupeleka Korogwe tukitapika.

Kisha pima nafasi. Vidole viwili kati ya bomba na chuma chochote, maana bomba linalogusa chasisi linapiga kelele na kujitoboa. Kiganja kizima kati yake na mpira wa breki, paipu ya mafuta, nyaya, tangi la maji la plastiki na mbao za sakafu. Pasipotosha, weka bati la aluminiamu la kukinga joto, likiacha nafasi ya hewa pande zote mbili. Bati lililobandikwa moja kwa moja kwenye mbao halikingi kitu. Na kama gari lako la petroli lina kile kisafisha moshi chenye masega ndani, kumbuka kinapata joto kali kuliko sailensa. Usiegeshe juu ya nyasi ndefu zilizokauka. Mbuga za kiangazi hazisamehi.

Mdomo wa nyuma na matundu ya sakafu

Bomba liishie nje ya mwili wa gari, upande usio na dirisha linalofunguka. Wenye kukata sailensa wakaacha moshi utokee katikati ya tumbo la gari, ili sauti iwe nzito, wasilale humo. Moshi unaotolewa chini ya sakafu hutafuta tundu, na humo yapo mengi.

Gari linapokimbia hewa nyuma yake inajikunja na kurudi. Ukiacha mlango wa nyuma wazi kidogo kwa sababu umebeba baiskeli au mbao, gari linajivutia moshi wake lenyewe. Kagua mpira wa mlango huo kwa karatasi: weka karatasi, funga mlango, vuta. Ikitoka bila kukwama, mpira umekwisha. Fanya hivyohivyo kwenye kifuniko cha injini chini ya viti. Kisha ingia na tochi, ziba kila tundu ulilotoboa wakati wa kujenga: nyaya zipite kwenye raba, paipu ya sinki izungushiwe silikoni, boliti za kitanda ziwe na washa za mpira.

Kwa wenye Kombi za Volkswagen zinazopozwa kwa hewa, kuna onyo la peke yake. Kipasha joto cha gari hizo hakitumii maji. Feni ya injini inapuliza hewa kuzunguka mabomba ya ekzosi yaliyofunikwa kwa bati, hewa hiyo ikishapata joto inakuja kwenye miguu yako. Bomba la ndani likitoboka, kipasha joto kinakuwa mfereji wa sumu unaoelekea moja kwa moja kwa abiria. Lushoto au Limuru usiku kuna baridi ya kushawishi, lakini kama hujayakagua mabomba hayo, vaa sweta.

Kengele, na mazoea ya usiku

Baada ya yote hayo nunua kengele ya kaboni monoksaidi. Tafuta iliyoandikwa EN 50291-2, kiwango cha Ulaya kwa magari ya kulala na boti. Kengele ya aina hiyo hulia ndani ya dakika 3 gesi ikifika sehemu 300 kwa milioni, kati ya dakika 10 na 40 ikiwa sehemu 100, na kati ya dakika 60 na 90 ikiwa sehemu 50. Ifunge karibu na kichwa cha mlalaji kama maelekezo yake yanavyotaka. Gesi hii haizami sakafuni kama ya mtungi wa kupikia. Inachanganyika na hewa yote. Angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma, na bonyeza kitufe cha majaribio kabla ya kila safari.

Kengele haizibi bomba. Hata bomba zima kabisa halikupi ruhusa ya kulala injini ikinguruma kwa ajili ya kiyoyozi au kuchaji betri. Gari lililosimama linakaa ndani ya moshi wake, na upepo ukigeuka unauleta dirishani. Jenereta ya jirani kambini nayo ina moshi uleule. Na jiko la mkaa, hata likibaki majivu yenye joto, lilale nje.

Kuongea na fundi

Si lazima uchomelee mwenyewe. Mimi sichomelei. Ila usimwambie fundi "nizibie hapo," kwa sababu atakuzibia hapo. Mwambie hivi: "Fundi, kata mpaka chuma kizima, tumia bomba la ekzosi la kipenyo hiki, chomelea mzunguko wote, rudisha raba zote nne, na tutapima kwa sabuni kabla sijalipa." Kikao hicho cha mwanzo, kabla ya bei, ndicho kinachookoa pesa. Kama gari lina masega, mwambie yabaki, au kama yamekufa urudishiwe mkononi, kwa sababu ndani yake kuna madini yenye soko na si kila gereji itakukumbusha. Baada ya kama kilomita 500 rudi ukaze na kukagua. Fundi mwaminifu hachukii mteja anayerudi kukagua.

Yule mzee wa Tanga alifanya kazi yake mpaka saa kumi jioni. Alipomaliza hakuniambia niwashe injini. Alinishika mkono, akaupeleka chini ya gari, bomba likiwa limeshapoa, akaniambia nisukume. Nikasukuma. Sailensa ikaenda upande mmoja kama kidole kizima, raba zikaivuta, ikarudi mahali pake bila kugusa kitu.

"Umeona?" akauliza. "Inakwenda, inarudi."

Ndivyo ninavyofanya mpaka leo kila jioni tukifika kambini, baada ya chai, chuma kikishapoa. Nainama, nasukuma mara moja. Ikienda na kurudi, natandika kitanda.